Viongezeo vya chakula cha kuku wa nyama: kipi kiingie kwenye mchanganyiko, kipi kibaki dukani

Kaa nusu saa kwenye duka lolote la dawa za mifugo, iwe Kibaha au Mbagala, utalisikia swali hili: "Mna dawa ya kukuza kuku?" Muuzaji hata haulizi kuku wana umri gani. Anashusha kopo, mteja analipa, anaondoka. Ukimfuata nje ukamuuliza amenunua nini, vitamini, antibayotiki au asidi, wengi hawawezi kukujibu. Mimi mwenyewe nilikuwa mteja huyo kwa miaka kadhaa.

Hakuna kiongezeo kinachokuza kuku chenyewe tu. Kuku wa nyama anakuzwa na mbegu yake, mahindi, soya, maji safi na hewa ya banda. Kiongezeo kazi yake ni kuziba tundu: pungufu kwenye chakula, sumu kwenye mahindi, vimelea kwenye maranda yaliyotandikwa bandani, joto la Februari. Usipolijua tundu lako, unamwaga pesa. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa matundu, kuanzia lile linalokula faida zaidi.

Kwanza, mzani

Kabla ya kununua chochote, nunua mzani. Kifaranga anayeingia bandani ana gramu 40 na kitu. Siku ya 7 anatakiwa awe amefikisha angalau mara nne ya uzito huo, yaani gramu 160 hadi 180 na kuendelea. Pima vifaranga 20 au 30 kutoka pembe tofauti za bruda (sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto), usichague wale wanaokufuata miguuni. Wakiwa chini ya hapo, karibu kila mara tatizo ni joto la bruda, maji, au mwanga, na hakuna kopo litakalolirekebisha. Mguse kifaranga miguu kwa shavu lako: ikiwa ya baridi, tatizo umeshalipata bila kwenda dukani.

Pima tena kila wiki, uandike. Andika pia kilo za chakula. Gawanya chakula chote kilicholiwa kwa uzito wote wa kuku, upate uwiano wako. Kilo 3.6 za chakula kwa kuku wa kilo 2 ni 1.8. Namba hiyo ndiyo itakayokuambia baadaye kama kiongezeo kimelipa.

Vile ambavyo havina mjadala: methionini, laisini, premiksi

Mahindi na soya vina protini ya kutosha kwa jumla, lakini protini ni kama tofali za aina tofauti, na aina moja ikiisha, ujenzi unasimama hata kama nyingine zimerundikana. Kwa kuku anayelishwa mahindi na soya, inayoisha kwanza ni methionini. Kuku mwenye upungufu wake huota manyoya vibaya, hudonoana, na hula sana bila kunenepa kifua. Laisini inafuata. Ukiwa unatumia mashudu ya alizeti kupunguza gharama ya soya, laisini ndiyo itakayokuumiza zaidi, maana alizeti ina laisini chache.

Huu hapa mchanganyiko wa stata (chakula cha kuanzia vifaranga) ninaoutumia, kilo 100, protini yake karibu asilimia 22:

Mahindi yaliyoparazwa kilo 57. Mashudu ya soya kilo 33. Dagaa kilo 4. Mafuta ya kula kilo 2. DCP (madini ya fosforasi na kalsiamu) kilo 1.5; chokaa ya mifugo kilo 1.2, chumvi gramu 250, premiksi ya kuku wa nyama gramu 250, methionini gramu 250, laisini gramu 150, kifunga sumu gramu 200, kinga ya koksidiosi (kuhara damu) gramu 50. Zile gramu 150 zinazobaki kutimiza 100 ongeza mahindi.

Mambo mawili hapo. Dagaa wakiwa wa chumvi, toa chumvi ya mezani yote, la sivyo kuku watakunywa kupita kiasi na maranda yataloa ndani ya siku tatu. Na dagaa wanaouzwa kwa gunia hubeba mchanga: chota kikombe, mwaga kwenye ndoo ya maji, koroga, uone kinachobaki chini. Nimewahi kununua mchanga wa ziwani kwa bei ya protini.

Premiksi ndiyo inayobeba vitamini na madini ya gramu chache: A, D, E, K, zile za kundi B, zinki, manganizi, seleniamu. Kiwango hutegemea mtengenezaji. Nyingi ni kilo 2.5 kwa tani, lakini soma mfuko wako. Siku hizi naisoma kwa makini kwa sababu ya kundi moja nililolikosea. Mfuko wa premiksi ulikaa wazi dirishani, na mimi nilikuwa nachota kwa kiganja, nakadiria. Siku ya 12 nikakuta vifaranga sita wanatembea kwa visigino, vidole vya miguu vimejikunja ndani kama ngumi. Walikuwa na hamu ya kula, macho mazima, ila hawafiki kwenye chombo. Huo ni upungufu wa vitamini B2, na B2 huharibiwa na mwanga. Vitamini za kundi B kwenye maji ziliwainua wanne. Wawili miguu ilishakatika tamaa. Tangu siku ile premiksi inakaa kwenye ndoo nyeusi yenye mfuniko, chumba cha kivuli, na nanunua ya mwezi mmoja au miwili tu. Ukinunua koline peke yake, usiihifadhi ndani ya premiksi, kwa sababu inavuta unyevu na kuziharibu vitamini nyingine.

Vimeng'enya: hiki kinarudisha pesa, ukipunguza kitu

Takriban theluthi mbili ya fosforasi iliyomo kwenye nafaka na soya imefungwa ndani ya kitu kinaitwa faiteti, na kuku hana kimeng'enya cha kutosha kuifungua. Anaila, anaitoa kwenye kinyesi, na wewe unanunua DCP kufidia. Faitezi ni kimeng'enya kinachoifungua hapo hapo tumboni. Kipo sokoni tangu mwaka 1991, na kati ya viongezeo vyote hiki ndicho chenye ushahidi usio na kigugumizi.

Kosa la wafugaji ni kuongeza faitezi bila kugusa DCP. Hapo umelipa mara mbili. Kipimo cha kawaida cha yuniti 500 kwa kilo ya chakula kinafungua fosforasi ya kutosha kukuruhusu kutoa gramu 500 hadi 600 za DCP kwenye kila kilo 100. Kwenye stata yangu DCP inashuka kutoka kilo 1.5 hadi 0.9 au 1.0. DCP ndiyo iliyokuwa ikileta kalsiamu pia, kwa hiyo rudisha gramu 200 hivi za chokaa, usizidishe, maana chokaa nyingi inaibana faitezi isifanye kazi.

Zailanezi na wenzake ni hadithi nyingine. Wanang'ara pale chakula kina ngano au shayiri nyingi, kwa sababu nafaka hizo hufanya utelezi tumboni na kinyesi cha kunata. Kwenye mahindi na soya faida yake ni ndogo. Ukiwa unatumia pumba za ngano kwa wingi, jaribu, vinginevyo iache.

Sumukuvu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo makundi mengi yanapoharibikia bila mfugaji kujua.

Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa bila ugonjwa unaofahamika. Ilipofuatiliwa, chanzo kilikuwa mashudu ya karanga yenye sumu ya kuvu, na ndivyo dunia ilivyoijua aflatoksini, ndiyo sumukuvu ninayoizungumzia hapa. Kwetu haikubaki kuwa habari ya bata: mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yaliyoingia sumu hiyo. Sasa fikiria mahindi ambayo mtu ameyakataa kwa ugali yanakwenda wapi. Yanakwenda kwenye mashine ya kuparaza chakula cha kuku.

Kuku aliyekula sumukuvu kidogo kidogo hafi. Anadumaa. Kundi linapoteza usawa, wakubwa na wadogo wanachanganyika. Ukichinja, ini limepauka, rangi ya njano badala ya kahawia iliyoiva. Na kinga ya mwili inashuka, ndiyo maana unachanja kideri na Gumboro kwa ratiba sahihi na bado ugonjwa unapita. Mfugaji analaumu chanjo.

Fanya hivi. Shika mahindi kiganjani, vunja punje kumi kwa meno: ikivunjika kwa mlio mkavu, vizuri, ikibonyea, yana unyevu, yaanike kwenye turubai, siyo ardhini. Pepeta. Punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na vumbi ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya sumu, hivyo kupepeta na kuchambua kunapunguza sana kabla hujatumia shilingi moja. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Baada ya hapo ndipo kifunga sumu kina maana. Vingi ni udongo wa aina ya bentonaiti unaoishika sumukuvu tumboni na kutoka nayo kwenye kinyesi. Kilo 1 hadi 2 kwa tani ni kiwango cha kawaida. Lakini elewa mipaka yake: udongo huo unaishika aflatoksini vizuri, sumu za kuvu wengine hauziwezi sana. Na haugeuzi mahindi yaliyooza kuwa mazima. Mahindi yenye ukungu wa kijani unaoonekana kwa macho usiyalishe, kifunga sumu kiwepo kisiwepo.

Kinga ya kuhara damu

Koksidiosi haikosekani kwenye banda la chini. Mayai ya kimelea yanatoka na kinyesi, na yakipata unyevu na joto yanaiva ndani ya siku moja au mbili. Ndiyo maana dawa ya kwanza ni maranda makavu: bana konzi moja, ukifungua kiganja yaachane. Yakibaki donge, yageuze au uyatoe, hasa chini ya vyombo vya maji.

Kwenye chakula huwekwa salinomisini au monensini. Salinomisini yenye nguvu ya asilimia 12, gramu 50 kwenye kilo 100, inakupa gramu 60 za dawa kwa tani, na hicho ndicho kiwango. Sasa yafuatayo yaandike ukutani:

Chakula cha dukani kikiwa tayari kina kinga, usiongeze yako. Dawa hizi zina pengo dogo kati ya kutibu na kudhuru. Ukiongeza mara mbili kuku wanaweza kupooza miguu.

Usimpe kuku aliye kwenye salinomisini au monensini dawa ya mafua yenye tiamulini. Vikikutana mwilini vinageuka sumu. Mfugaji anatibu mafua, asubuhi anakuta kuku wamelala kifudifudi, anadhani ni kideri.

Punda au farasi asionje chakula hicho. Kiasi kidogo cha monensini kinamuua.

Ukitibu kwa amproliamu kwenye maji, simamisha vitamini kwa siku hizo. Amproliamu inafanya kazi kwa kumnyima kimelea vitamini B1. Ukiweka vitamini kwenye ndoo hiyo hiyo, unampelekea adui chakula. Kosa hili nimeliona kwenye mabanda mengi kuliko yote, na linafanywa kwa nia njema kabisa.

Antibayotiki ya kukuzia

Habari yake ilianza Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1940, watafiti walipogundua kwamba masalia ya kutengenezea dawa ya aureomaisini yaliwafanya vifaranga wakue haraka. Mwaka 1950 ikatangazwa, na dunia nzima ikaanza kulisha kuku antibayotiki kidogo kidogo. Bei yake imekuja kujulikana baadaye: dozi ndogo za kila siku ndizo shule ya vijidudu kujifunza kuishinda dawa. Sweden ilipiga marufuku mwaka 1986, Umoja wa Ulaya wote kuanzia Januari 1, 2006, na Marekani nayo mwaka 2017 ikaziondoa kwenye matumizi ya kukuzia zile zinazotibu binadamu.

Kwetu mazoea ya kuwapa vifaranga OTC (antibayotiki ya oksitetrasaiklini) siku tatu za mwanzo "kuwasafisha" bado yapo. Mimi niliacha. Kifaranga aliyetoka kwenye kituo kisafi hana cha kusafishwa, na ile antibayotiki inaua pia vijidudu wazuri wanaojipanga tumboni wiki ya kwanza. Mpe maji ya uvuguvugu, na chakula kwenye karatasi ndani ya saa chache baada ya kufika. Antibayotiki iwe ya kutibu ugonjwa uliotambuliwa na daktari wa mifugo, kwa dozi kamili na siku kamili.

Probiotiki, asidi, na dawa za jikoni

Kuanzia mwaka 1973 imejulikana kwamba kifaranga akipewa mapema vijidudu wa tumbo la kuku mkubwa mwenye afya, salmonela wanakosa pa kukaa. Probiotiki za leo zinafuata wazo hilo. Kama unaiweka kwenye chakula, tafuta yenye bakteria wa basilasi, kwa sababu mbegu zake zinavumilia joto na kukaa stoo. Za laktobasilasi ni dhaifu, zinafaa kwenye maji. Maji yenye klorini yanaziua, hivyo yachote jana yake uyaache wazi. Usiziweke pamoja na antibayotiki. Zipe nafasi siku ya mwisho ya dozi ikishapita. Kwenye banda safi tofauti utaiona kidogo. Kwenye banda linalofuga kundi juu ya kundi bila kupumzika, tofauti ni kubwa zaidi.

Asidi kwenye maji, iwe ya dukani au siki, inashusha vijidudu kwenye mabomba na kwenye firigisi. Iondoe siku ya chanjo ya maji na siku inayotangulia. Na vyombo vya bati itavila.

Sasa kitunguu saumu, tangawizi, manjano, mshubiri, habasoda. Sitawacheka, maana kitunguu saumu kweli kina kitu kinachodhibiti vijidudu, na tafiti nyingi zimepata matokeo: mengine mazuri, mengine sifuri. Shida ni kwamba kitunguu cha leo si sawa na cha kesho, na "kipande kwa lita" siyo kipimo. Ukitaka, tumia unga mkavu kwenye chakula, gramu 500 kwa kilo 100. Ule mchuzi wa kuchemsha wa kwenye maji huchacha mchana mmoja, na kuku wakiuchukia wanapunguza kunywa. Kuku asiyekunywa hali. Pilipili nayo watu huogopa itawachoma. Ndege hawahisi ukali wa pilipili kama sisi, ndiyo maana mwitu wanaila na kusambaza mbegu zake.

Mlonge una protini nzuri kwenye majani makavu, karibu robo ya uzito wake, lakini una nyuzi. Ukivuka kilo 5 kwa kilo 100 kuku wa nyama anaanza kushuka uzito. Kinamfaa kuku wa kienyeji kuliko broila, yaani kuku wa nyama.

Siku za joto

Kuanzia wiki ya nne kuku akihema mdomo wazi anapoteza hewa ya kaboni na damu yake inabadilika. Magadi ya kuokea, gramu 200 hadi 300 kwa kilo 100 za chakula, yanasaidia. Punguza chumvi kidogo ukiyaweka. Vitamini C kwenye maji ya asubuhi pia. Ila toa vyombo vya chakula saa tano hadi saa kumi jioni, uwashe taa usiku wale kukiwa na ubaridi. Hilo halina gharama na linashinda makopo yote.

Kuchanganya

Gramu 250 ndani ya kilo 100 ni punje nne kwa kila punje elfu moja na mia sita. Ukizimwaga juu ya lundo na kupiga koleo mara mbili, kuku mmoja atakula dawa yote na mia watakula hewa.

Pima vile vya gramu kwa mzani wa kidijitali, kimoja kimoja. Vichanganye kwenye ndoo na kilo 2 za unga wa mahindi mpaka rangi iwe moja. Mwaga hizo kwenye kilo 10 za mahindi, changanya tena. Kisha tandaza mahindi yaliyobaki kwenye sakafu safi, soya juu, dagaa juu, halafu zile kilo 12 kama unanyunyiza mbolea shambani. Lihamishe lundo zima kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwa koleo mara tano, kila koleo likimwagwa kileleni liporomoke pande zote. Mafuta yawe ya mwisho, ukiyatangulia yanafanya madonge yanayoificha premiksi. Chakula cha wiki mbili kinatosha. Kikizidi, vitamini zinaanza kuchoka.

Jaribio la mabanda manne

Ukiletewa kopo jipya, usiliweke kwa kundi zima kisha ulinganishe na kundi lililopita. Lililopita lilikuwa na hali ya hewa yake na vifaranga vyake. Gawa kuku 200 kwenye vyumba vinne vya 50: cha kwanza na cha tatu chenye kiongezeo, cha pili na cha nne bila. Chakula kingine chote sawa. Anayekufa mpime uzito, umwandike.

Tuseme wasio na kiongezeo wametoka na uwiano wa 1.80, wenye nacho 1.74. Kwa kuku wa kilo 2 umeokoa gramu 120 za chakula. Chakula kikiwa shilingi 1,600 kwa kilo, hiyo ni shilingi 192. Kiongezeo kikigharimu shilingi 40 kwa kila kilo ya chakula, kuku amekula cha shilingi 139. Umebaki na 53 kwa kuku, nunua tena. Lakini uwiano ukiwa 1.77, umeokoa shilingi 96 na kutumia 142. Kuku wametumia chakula vizuri zaidi kweli, na wewe umepata hasara ya shilingi 46 kwa kila mmoja. Vyumba viwili vya aina moja vikitofautiana vyenyewe kwa vyenyewe kuliko vinavyotofautiana na vingine, bado hujaona kitu, rudia.

Kabla ya kisu

Kila dawa ina siku za kusubiri, zimeandikwa kwenye mfuko. Zihesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kuchinja, siyo siku ambayo mteja alisema "labda". Finisha ya siku za mwisho changanya bila kinga ya koksidiosi, na uichanganye baada ya kufagia sakafu na kusugua koleo na ndoo, kwa sababu vumbi la salinomisini linalobaki pembeni linaingia humo humo. Mimi magunia ya finisha nayafunga kwa kamba nyekundu, na anayelisha jioni anajua: kuanzia siku ile, gunia lisilo na kamba nyekundu halifunguliwi banda hilo.